Waliopanda Mashine Wenyewe: Watu Walioijenga Sayansi ya Uwezo wa Mwili



Nimeombwa nizungumzie vituo vya utafiti wa tiba ya michezo na uwezo wa mwili wa binadamu. Mada hii ikitajwa, mazungumzo huelekea haraka kwenye majengo na mitambo: mashine ya kukimbilia imegharimu kiasi gani, mfadhili ni nani, chumba kina ukubwa gani. Naomba leo mniruhusu niviweke kando vitu hivyo nizungumzie watu. Nitaanza na kituo kilichodumu miaka 20 tu kisha kikafungwa, lakini watu wake wakaendelea kuzaa vituo vingine hadi mwanafunzi wa mwanafunzi wao akafika Iten, kule Kenya, na vipimo mkononi.

Kituo hicho kiliitwa Maabara ya Uchovu ya Harvard. Kilianza mwaka 1927 katika vyumba vya chini vya jengo la Morgan Hall, kwenye Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard, mjini Boston. Mtu atajiuliza maabara ya mwili wa binadamu ilitafuta nini katika shule ya biashara. Jibu liko viwandani. Wakati ule wenye viwanda na wataalamu wa kazi walitaka kujua mfanyakazi huchoka kwa sababu gani: ni damu yake, chakula chake, joto la chumba, au msimamizi anayemsimamia? Lawrence Henderson, mkemia mkubwa wa damu ambaye jina lake kila mwanafunzi wa udaktari hulikariri katika mlinganyo wa Henderson na Hasselbalch, alisema swali hilo haliwezi kujibiwa na fani moja. Wakatafutwa mkemia, daktari, mwanafiziolojia na mtaalamu wa saikolojia, wakawekwa chini ya dari moja. Fedha zilitoka Taasisi ya Rockefeller.

Henderson alikuwa mkuu kwa jina na kwa fikra. Kazi ya kila siku aliibeba David Bruce Dill, na huyu ndiye ninayetaka mumjue. Alizaliwa Kansas mwaka 1891, akabaki yatima angali mtoto, akasomea kemia. Hakuwa mwanamichezo wa sifa. Alichokuwa nacho ni tabia moja ambayo maabara nzima iliichukua kwake: hakuna kipimo alichomwomba mtu mwingine akifanye kabla hajakifanya mwenyewe. Alipanda mashine ya kukimbilia, akapumulia ndani ya mfuko, akatolewa damu, akaketi kwenye joto kali. Aliendelea kujipima hata uzeeni, hivyo akawa mmoja wa watu wachache duniani ambao kupungua kwa uwezo wa mwili wao kuliandikwa na wao wenyewe kwa miongo kadhaa. Alifariki mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 95.

Mmoja wa watu waliofika mapema katika vyumba vile vya chini alikuwa mchapaji wa magazeti aitwaye Clarence DeMar. Alishinda marathoni ya Boston mara 7, ya kwanza mwaka 1911 na ya mwisho mwaka 1930, huku akiendelea na kazi yake ya uchapaji. Daktari alikuwa amemwonya kwamba moyo wake una mlio usio wa kawaida na kwamba kukimbia kungemuua. Dill na daktari Arlie Bock walimpandisha mashine, wakampima damu akiwa anakimbia. Wengine waliokimbia kwa mwendo uleule, damu yao ilijaa asidi ya laktiki. Ya DeMar ilipanda kidogo mno. Mwili wake ulikuwa unauchukulia mwendo ule kana kwamba ni matembezi. Alipofariki mwaka 1958, kwa saratani, madaktari wa Boston waliufungua moyo wake na kukuta mishipa inayoulisha ni mipana mara mbili hadi tatu kuliko ya mtu wa kawaida. Hivyo mchapaji yule alichangia elimu akiwa hai, akachangia tena akiwa amekufa, na hofu iliyotanda wakati ule, kwamba mbio ndefu huharibu moyo, ikapoteza nguvu.

Tuangalie wafanyakazi. Majira ya joto ya mwaka 1931, vibarua waliokuwa wakijenga bwawa kubwa la Hoover katika jangwa la Nevada walikuwa wakianguka na kufa kwa joto. Mwaka uliofuata Dill na wenzake walihamia huko, mji wa Boulder City, wakaishi katika joto lilelile na kupima jasho la vibarua pamoja na lao wenyewe. Waliona kwamba mwili uliozoea joto hutoa jasho lenye chumvi kidogo, na kwamba mgeni, ambaye jasho lake bado lina chumvi nyingi, akinywa maji matupu kwa wingi hujitia hatarini. Ushauri wao ukawa maji pamoja na chumvi kwenye chakula. Leo kocha anayempa mchezaji wake maji yenye chumvi na sukari mchana wa Dodoma anafuata njia iliyofunguliwa na vibarua wale.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote kilitokea mwaka 1935. Watafiti 10 kutoka Marekani, Uingereza na Denmark walikwenda Chile kupima maisha ya juu milimani. Alikuwepo Dill. Alikuwepo Ancel Keys, aliyesimamia mipango. Alikuwepo Ross McFarland, mtaalamu wa saikolojia aliyepima jinsi kumbukumbu na hesabu zinavyomponyoka mtu hewa inapokuwa nyembamba. Alikuwepo Bryan Matthews wa Cambridge, na Erik Hohwü Christensen wa Copenhagen, ambaye nitamrudia. Walipanda hadi zaidi ya mita 6,100, wakachomana sindano wao kwa wao kuitoa damu kwenye mishipa ya ateri, kazi ambayo hata hospitalini, kwenye kitanda safi, si ndogo.

Katika mlima Aucanquilcha waliwakuta wachimbaji wa salfa. Mgodi ulikuwa karibu mita 5,800. Ili mpate picha, kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro kina mita 5,895. Wachimbaji wale walikwenda kazini kila siku mahali ambapo sisi tunapanda mara moja, tunapiga picha na kuteremka. Kijiji chao, Quilcha, kilikuwa takriban mita 5,300, juu zaidi kuliko Kibo Hut, ambapo wapandaji wetu hupumzika kabla ya safari ya usiku. Wenye mgodi waliona wachimbaji wanapoteza muda kupanda kila asubuhi, wakajenga kambi nyingine juu zaidi, karibu na kazi. Wachimbaji waliijaribu, kisha wakaikataa. Walisema huko juu hawana hamu ya kula, wanakonda na hawapati usingizi. Wakarudi kulala Quilcha na kupanda kila siku kama zamani.

Nawaomba muitazame vizuri habari hii. Wataalamu 10 wenye mitambo bora ya wakati wao walifika, na ugunduzi mkubwa kuhusu mpaka wa makazi ya kudumu ya binadamu waliukuta umeshafanywa na watu waliobeba mawe ya salfa. Sifa ya Keys na wenzake ni kwamba waliuliza, wakasikiliza, wakaandika. Mpaka leo mwanafiziolojia anayezungumzia kimo cha juu ambacho mtu anaweza kuishi muda mrefu huanza na kambi ile iliyokataliwa. Nami kila ninapowaza wapagazi wetu wa Kilimanjaro, wanaobeba mizigo ya wageni mwezi baada ya mwezi, naona wamebeba pia elimu ambayo bado tunaihitaji. Uwezo wa mwili wa binadamu hauwahusu wanariadha peke yao.

Lazima pia niseme jambo linaloniuma. Mwishoni mwa miaka ya 1930 watu wa maabara ile walikwenda Mississippi kuwapima wakulima wa pamba waliolima mashamba ya watu wengine kwa mgao wa mavuno, weusi na weupe, katika joto la unyevunyevu. Wakulima wa rangi zote mbili walistahimili kazi na joto vizuri kuliko wasomi waliotoka kaskazini. Ilikuwa elimu ya kweli, na katika nchi iliyojaa ubaguzi kama Marekani ya wakati ule, vipimo hivyo vilipaswa kuwanyamazisha wengi. Hata hivyo, kila tunaposimulia habari za maabara ile tunawataja maprofesa. Mkulima mweusi aliyetembea kwenye mashine ile, kisha akarudi kwenye shamba lisilo lake, hatumtaji. DeMar tunamtaja kwa sababu alikuwa ameshajulikana kabla ya kupimwa. Nadhani kituo chochote kinachojiheshimu kingeanza kusahihisha kosa hilo kwa kuandika, katika ukurasa wa kwanza wa ripoti zake, kwamba hawa ni watafiti na hawa ni waliojitoa kupimwa, kila mmoja kwa jina kama mwenyewe ameridhia.

Vita vya Pili vya Dunia viliigeuza maabara kuwa ya jeshi: nguo za baridi, chakula cha askari, uwezo wa kubeba mzigo. Lucien Brouha alibuni kipimo cha kupanda na kushuka benchi kwa dakika 5, ambacho walimu wengi wa michezo mliomo humu mnakifahamu. Henderson alifariki mwaka 1942, Dill akaingia jeshini, na mwaka 1947 chuo kiliifunga maabara. Makala zilizotoka kwake zilikuwa zaidi ya 300. Vyumba vikapewa kazi nyingine.

Watu wakatawanyika. Sid Robinson, mmoja wa watafiti wa maabara ile, alikuwa ameshakwenda Indiana. Ancel Keys alikuwa ameshaanzisha maabara yake Minnesota, chini ya majukwaa ya uwanja wa mpira wa chuo. Huko, mwaka 1944 na 1945, vijana 36 waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri walijitolea kukaa na njaa. Kwa wiki 24 walipewa chakula pungufu hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao, kisha wakalishwa polepole, ili ijulikane jinsi ya kuwaokoa watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa. Wao walikuwa wamekataa kuua, wakaambiwa ni waoga. Wakaitoa miili yao kwa ajili ya watu wasiowajua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1950 katika vitabu viwili vinene, na wanaowahudumia wenye njaa bado wanavisoma.

Steven Horvath, aliyekuwa mwanafunzi katika vyumba vile vya Boston, aliishia Santa Barbara, California. Katika kituo chake alifanya kazi Barbara Drinkwater, ambaye aliuliza swali lililosahauliwa na wanaume kwa nusu karne: na wanawake je? Mwaka 1984 yeye na wenzake walionyesha kwamba wanariadha wa kike waliokosa hedhi kwa muda mrefu walikuwa na mifupa ya mgongo iliyopungua. Walikuwa na wastani wa umri wa miaka 25, na mifupa yao ilifanana na ya mwanamke wa miaka 51. Kocha anayesikia kwamba binti anayemfundisha hajaona siku zake kwa miezi mingi, akafurahi kwamba sasa anafanya mazoezi bila usumbufu, nampa habari hii kwa uzito wote nilio nao. Mpeleke hospitali, na kwanza angalia anakula nini. Drinkwater baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama cha tiba ya michezo cha Marekani.

Sasa nimrudie Christensen. Alitokea Copenhagen, katika kundi la August Krogh, mshindi wa Nobeli wa mwaka 1920. Mwaka 1941 alihamia Stockholm kuongoza fiziolojia katika chuo cha mazoezi ya viungo. Huko mwanafunzi wake Per-Olof Åstrand alipima uwezo wa kutumia oksijeni wa watu zaidi ya 200, wanaume, wanawake na hata watoto wa miaka 4, akatoa kitabu chake mwaka 1952. Mkewe, Irma, aliyekuwa mtafiti kamili mwenyewe, alitengeneza pamoja naye jedwali la kukadiria uwezo huo kwa baiskeli na mapigo ya moyo tu, bila mitambo ya gharama. Stockholm hiyohiyo, daktari Jonas Bergström alifufua sindano ya kuchukulia kipande kidogo cha msuli. Yeye na Eric Hultman walitaka kujua mazoezi yanafanya nini kwa akiba ya wanga ndani ya msuli. Wakaiweka baiskeli katikati, mmoja upande huu na mwenzake upande ule, kila mmoja akakanyaga kwa mguu mmoja hadi ukaishiwa nguvu. Kisha kwa siku tatu wakala wanga kwa wingi, wakachomana sindano miguu yote. Mguu uliofanya kazi ulikuwa umejaza akiba karibu mara mbili ya uliopumzika. Kila mkimbiaji wa marathoni anayekula wali na viazi kwa wingi siku za kabla ya mashindano anaishi kwa baraka ya mapaja ya madaktari wale wawili.

Katika chuo hichohicho cha Stockholm alikulia Bengt Saltin. Mwaka 1966, mjini Dallas, yeye na wenzake waliwalaza vijana watano wenye afya kitandani kwa siku 20, kisha wakawapa mazoezi makali. Kulala kule kulipunguza uwezo wao wa kutumia oksijeni kwa zaidi ya robo. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida mgonjwa wa moyo kufungiwa kitandani kwa wiki nyingi; kama leo mzee wako anaamshwa atembee siku chache baada ya upasuaji, vijana wale wana sehemu yao. Waliitwa tena baada ya miaka 30, wakaja wote watano. Ikaonekana kwamba zile wiki tatu za kitandani ziliwashusha kuliko miaka 30 ya uzee.

Mwaka 1990 Saltin alifika Kenya na wakimbiaji wa Skandinavia, akaenda Shule ya St. Patrick's, Iten. Kabla hajaja yalikuwapo maneno mengi ya mitaani kuhusu siri ya wakimbiaji wa Kikalenjini. Vipimo vilionyesha kwamba uwezo wa juu wa kutumia oksijeni wa wakimbiaji bora wa Kenya haukuwa mkubwa kuliko wa wenzao wa Skandinavia. Tofauti ilikuwa katika matumizi: kwa mwendo uleule Mkenya alitumia oksijeni kidogo zaidi, na damu yake ilichelewa kujaa asidi ya laktiki. Masikio ya waliosoma habari za DeMar yalisimama. Na wavulana waliokwenda shule kwa miguu kila siku walikuwa na uwezo mkubwa kuliko wale waliokaa tu.

Baadaye alikuja mtafiti Yannis Pitsiladis kutoka Glasgow, naye hakufanya kazi peke yake. Kule Chuo Kikuu cha Kenyatta alikuwepo Vincent Onywera, na alikuwepo Mike Boit. Wazee wenzangu mnamkumbuka Boit: medali ya shaba, mita 800, Olimpiki ya Munich 1972. Mwaka 1976 hakukimbia Olimpiki ya Montreal kwa sababu nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, ziliisusia. Akasoma Marekani hadi shahada ya uzamivu, akarudi kuwa profesa wa sayansi ya michezo. Mwaka 2004 wao na wenzao walichapisha utafiti wa chakula cha wakimbiaji bora 10 wa Kenya. Walipima kila kilicholiwa kwa siku saba. Zaidi ya robo tatu ya nishati ilitoka kwenye wanga, hasa ugali, na sehemu kubwa ya kushangaza ilitoka kwenye sukari ya chai ya maziwa. Ni ushauri wa Bergström na Hultman, tena kwa ukamilifu, mezani kwa watu ambao hawakuwahi kushauriwa. Jeni mbili zilizosemwa sana, ACE na ACTN3, hazikuwatofautisha wakimbiaji bora wa Kenya na Wakenya wengine. Na huko Eldoret, Robert Ojiambo wa Chuo Kikuu cha Moi ameonyesha jinsi vijana wa mjini wanavyotembea kidogo na kuwa na pumzi ndogo kuliko wa vijijini, jambo linalopaswa kumtia hofu kila waziri wa elimu wa ukanda huu kuliko medali yoyote tunayoikosa.

Boit ndiye mfano ninaoutaka kwa Tanzania. Filbert Bayi alipokimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 kule Christchurch mwaka 1974, dunia ilipata rekodi na sisi tukapata fahari. Tangu hapo tumeendelea kutoa wakimbiaji. Tunachohitaji kando yao ni fundi sanifu wa maabara ambaye anajua kusahihisha mizani kila asubuhi na haoni aibu kusema kipimo cha jana hakifai, muuguzi anayeweza kumwuliza binti kuhusu hedhi naye akajibu, mwanatakwimu, na mkimbiaji mstaafu anayerudi darasani. Watu hao hawaagizwi kwa meli pamoja na mashine. Husomeshwa miaka mingi, na hubaki pale wanapolipwa na kuheshimiwa.

Kwa hiyo mkiniuliza, kama mlivyokwisha kuniuliza kabla ya mhadhara, fedha kidogo tulizonazo zianzie wapi, jibu langu ni hili: tusomeshe vijana sita kabla ya kununua mashine ya pili. Watano wapelekwe kwenye fani tofauti kama alivyotaka Henderson. Wa sita asomee kutunza kumbukumbu, ili mtu tunayempima leo, mkimbiaji, mpagazi wa Marangu au mama anayebeba ndoo, tuweze kumpata baada ya miaka 30, tumwite kwa jina lake na kumpa majibu yake.